Kompyuta Nyepesi, Mzigo wa Nani?

Shangazi yangu ana saiba pale Umoja: chumba kimoja, kompyuta tatu za mitumba, printa moja, na kiti cha plastiki cha mteja anayesubiri. Kazi yake unaijua hata kama hujawahi kuingia pale. Mtu anakuja na CV kwenye flashi. Mwingine anataka kujaza ritani za KRA siku ya mwisho ya Juni. Mwanafunzi anataka insha yake ichapishwe kabla matatu haijajaa. Wote wana haraka, na hakuna anayetaka kusikia habari za kompyuta.

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inataka prosesa mpya kiasi na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, kwa hivyo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 hivi zimeachwa nje ya mlango. Mashine za shangazi ni za 2013. Bado zinafanya kazi, na pesa za kununua nyingine hana.

Mimi ndiye yule kijana wa familia "anayejua kompyuta". Kila familia ina mmoja. Nikaenda Jumapili jioni, nikaweka Linux nyepesi kwenye mashine mbili, na nikajipiga kifua. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka sasa ilikuwa tayari kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, simu.

"Kijana, hii kitu yako imeficha flashi ya mtu. Na mwenyewe amesimama hapa."

Nikaanza kumweleza. Fungua ile programu ya folda, angalia upande wa kushoto, kuna kajina kadogo pale chini. Akanikatiza.

"Kompyuta imekuwa nyepesi, sawa. Sasa mbona mimi ndiye nimekuwa mzito?"

Asubuhi hiyo wateja watatu walienda saiba ya jirani. Mimi nilibaki na swali lake, na nilipoanza kulifuatilia nikagundua lina umri wa karibu miaka thelathini. Watu wenye akili nyingi kuliko mimi wamelijibu vibaya mara kadhaa, na wachache wamelijibu vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Ukiwasha kompyuta, vyote unavyoviona kabla ya kufungua programu yoyote, yaani picha ya nyuma, mkanda wa chini, menyu, saa kwenye kona na vitufe vya kufunga madirisha, kwa Kiswahili huitwa eneokazi. Kwenye Windows unapewa eneokazi moja na habari inaishia hapo. Linux ni tofauti: chini kuna injini, na juu yake unaweza kuweka eneokazi lolote kati ya mengi. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotangaza kazi yake Agosti 1991, alikuwa anaizungumzia injini. Sura haikuwa shida yake.

Sura ilitoka kwingine. Mfumo wa X, unaochora madirisha kwenye skrini, ulianzia chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1984. Watumiaji wa Linux wa mwanzo waliuchukua, wakauongezea programu ndogo za kupanga madirisha. Mojawapo iliitwa fvwm, ya mwaka 1993. Ilikuwa nyepesi ajabu. Ila ukitaka kubadilisha chochote, unafungua faili la maandishi na kuandika mistari ya amri. Kwenye programu kadhaa za aina hiyo hata menyu huioni mpaka ubonyeze kipanya mahali patupu kwenye skrini. Mtu atajuaje kwamba patupu ndipo penye kitu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Linux ya miaka ile ilimpa mgeni jembe akiwa bado mlangoni.

Mwaka 1996 vijana wawili wa Ulaya walichoka na hali hiyo, kila mmoja kivyake. Wa kwanza ni Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen, Ujerumani. Tarehe 14 Oktoba alitangaza mradi wa KDE. Malalamiko yake yalikuwa ya mtumiaji wa kawaida: kila programu ina sura yake, ukijifunza moja hujajifunza nyingine. Alitaka eneokazi kamili ambamo kila kitu kinafanana na mtu anafanya shughuli zake za kila siku bila kuwa fundi. Mwaka uliofuata ukazaliwa GNOME, mradi wenye lengo kama hilo. KDE na GNOME zilikua, zikapendeza, na zikanenepa. Kila toleo lilitaka memori zaidi.

Wa pili ni Olivier Fourdan, Mfaransa. Mwishoni mwa 1996 alianza kitu kidogo zaidi alichokiita Xfce, kwa mfano wa eneokazi la mashine ghali za Unix ambazo mtu wa kawaida hakuweza kuzinunua. Mwanzoni alitumia zana za XForms, ambazo hazikuwa huru kwa kila mtu kuzisoma na kuzibadilisha, na Red Hat wakakataa kuiweka Xfce kwenye Linux yao kwa sababu hiyo. Jamaa hakununa. Kufikia 1999 alikuwa ameiandika upya kwa zana huru za GTK. Xfce ipo mpaka leo, na nembo yake ni panya. Herufi "XF" zilizotokana na XForms zimebaki kwenye jina ingawa XForms yenyewe iliondoka zamani.

Hapo njia zikagawanyika. Upande mmoja ukajali mtu, kompyuta ikalemewa. Upande wa pili ukajali kompyuta, na mara nyingi mtu ndiye akalemewa. Kwa mtu wa Nairobi aliyenunua mashine ya mitumba huo ni mtego: eneokazi linalomfaa kichwa halitoshi kwenye memori yake, na linalotosha halimfai.

Kuna waliojaribu kuutegua mapema. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux, ambayo ni ndogo kiasi kwamba inaingia yote kwenye memori na kuendeshwa kutoka humo, hata kompyuta ikiwa haina diski. Wengi wanaikumbuka kwa udogo huo. Mimi kilichonigusa ni maneno yaliyoandikwa chini ya ikoni zake. Badala ya majina ya programu ambayo mgeni hayajui, alikuta vitenzi: andika, chora, piga hesabu, soma barua pepe, unganisha. Huhitaji kujua kwamba programu ya kuandikia inaitwa AbiWord. Unataka kuandika, unabonyeza andika. Kazi hiyo haikuongeza hata chembe ya uzito kwenye kompyuta. Ilihitaji tu mtu mmoja ajiulize, aliyekaa hapa amekuja kufanya nini?

Miaka mitatu baadaye, 2006, Hong Jen Yee wa Taiwan, kijana aliyesomea udaktari na anayejulikana kwa jina la PCMan, akaanzisha LXDE. Ona alipoanzia: kipande cha kwanza kilikuwa PCManFM, programu ya kufungua folda na kuona faili. Ukifikiria saiba ya shangazi, hapo ndipo penye maisha. Mtu hatumii "mfumo". Mtu anatafuta faili lake.

LXDE ilipendwa haraka. Ilikuja kuwa msingi wa Lubuntu, ambayo mwaka 2011 ilikubaliwa rasmi kuwa mojawapo ya matoleo ya familia ya Ubuntu. Siri ya wepesi wake ilikuwa kutengenezwa kwa vipande vidogo visivyotegemeana. Kupanga madirisha iliazima Openbox, programu iliyokuwepo tayari. Vingine vikaandikwa kimoja kimoja.

Wepesi huo ndio uliozaa shida ya mgeni. Kubadilisha sura na maandishi, kuna LXAppearance. Ukubwa wa skrini, LXRandR. Kipanya na kibodi, LXInput. Mapambo ya madirisha, nenda Obconf. Kila kimoja ni kidogo na kinafunguka upesi, na kwa mhandisi ni mpangilio safi kabisa. Kwa mgeni ni kama kwenda ofisi ya serikali ukaambiwa fomu iko dirisha la nne, muhuri dirisha la saba, na dirisha la malipo halina kibao. Hakuna karani mvivu hapo. Ni kwamba hakuna aliyeketi mlangoni kukuelekeza.

Mwaka 2007 kampuni ya Asus, ya Taiwan pia, ilijaribu kumweka mtu mlangoni. Ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo yenye skrini ya inchi 7, na nyingi za mwanzo zilikuja na Linux. Ukiiwasha unakuta kurasa chache zenye ikoni kubwa kubwa: intaneti, kazi, kujifunza, kucheza, mipangilio. Hata mtoto angeweza. Na kweli ziliuzika sana. Lakini mtu akitaka kuweka programu ambayo haikuwa kwenye zile kurasa, alijikuta nje ya bustani, mbele ya dirisha jeusi la kuandika amri. Muda si mrefu Windows XP ikawekwa kwenye mashine za aina hiyo na wanunuzi wengi wakaifuata. Urahisi wa Eee PC ulikuwa chumba kizuri cha wageni ambacho hakikuwa na mlango wa kuingilia ndani ya nyumba.

Wakati huohuo mradi wa One Laptop per Child ulikuwa na jaribio lingine, na hili lilifika jirani. Rwanda ilinunua laptopu zake kwa wingi kwa ajili ya shule za msingi. Zilikuwa na memori ya MB 256 na eneokazi liitwalo Sugar, ambalo liliamua kwamba mtoto hana haja ya folda. Badala yake kulikuwa na shajara: kila ulichofanya kinajiandika chenyewe, kwa mpangilio wa siku. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu mtoto hukumbuka alichofanya jana kuliko mahali alipokihifadhi. Lakini mtoto huyo akikua na kukuta kompyuta ya ofisini, alichojifunza kinamsaidia nusu tu, maana dunia nyingine bado inaongea lugha ya folda.

Kisha ukaja mwaka 2011, na hapa hata wenyeji walionja ugeni. GNOME 3 ilibadilisha karibu kila kitu kwa mkupuo: menyu ya zamani ikaondoka, mkanda wa chini ukaondoka. Watu waliotumia Linux miaka kumi wakawa wanatafuta kitufe kama mtu aliyepotezea funguo gizani. Mmoja wao alikuwa Linus Torvalds mwenyewe. Alilalamika hadharani na kuhamia Xfce kwa muda. Jamaa aliyeandika injini yote hakutaka kujifunza upya mahali pa kubonyeza. Kama yeye alikataa, tumlaumu shangazi kwa lipi?

Naona tukio hilo lilifundisha kitu. Mazoea ya mtu ni mali yake. Ameyanunua kwa miaka, na ukiyatupa umemwibia. Eneokazi nyepesi zikaanza kuonekana tofauti, kama nyumba ambayo mtu anarudi na kukuta vyombo mahali alipoviacha. Mwaka 2013 Graeme Gott alitoa menyu ya Xfce inayoitwa Whisker. Unaifungua, unaandika herufi mbili tatu za unachotafuta, kinajitokeza. Ulivyotumia karibuni vipo, na unavyovipenda vinawekwa juu. Toleo la Xubuntu la Aprili 2014 likaifanya menyu ya kawaida, mwezi uleule ambao Windows XP iliachwa bila msaada, tarehe 8. Waliotoka XP na mashine zao za zamani walikuta menyu kwenye kona na mkono wao ukaielewa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya Uingereza iliyotolewa Februari 2012 kwa bei ya dola 35, na toleo lingine la dola 25. Iliundwa kwa ajili ya watoto kujifunza kuandika programu, na eneokazi lake lilikuwa LXDE. Watoto walikutana na yaleyale madirisha manne ya ofisi. Mhandisi mmoja wa pale, Simon Long, akapewa kazi ya kulisafisha. Hakuandika eneokazi jipya. Alichukua LXDE ileile, akakusanya mipangilio, akabadilisha ikoni na maandishi, akapunguza vitu vinavyochanganya. Septemba 2016 matokeo yakatoka kwa jina la PIXEL, na mashine iliendelea kuwa nyepesi.

Mwaka 2018 ikaongezwa hatua moja ndogo. Ukiwasha Pi mara ya kwanza, inakukaribisha na kukuuliza: uko nchi gani, unataka neno gani la siri, waifai yako ni ipi, tusasishe programu? Kabla ya hapo ulipaswa kujua mwenyewe kwamba mambo hayo yapo na yamejificha wapi. Maswali manne. Ndiye yule mtu wa kukaa mlangoni.

Utasema, na lugha je? Si tungetafsiri tu kila kitu? Tulijaribu, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa chini wakatafuta neno la kila kitufe. Hiyo ni kazi ya heshima, na maneno mengi tunayotumia leo kuhusu kompyuta yalipata nguvu kutokana na juhudi za aina hiyo.

Lakini nilipomwekea shangazi menyu za Kiswahili, aliangalia kwa dakika moja akasema, "Rudisha ile ya kawaida." Kiswahili anakijua kuniliko. Ila kompyuta alijifunza kwa maneno ya Kiingereza yaliyo pale kwenye vitufe, na kwa kweli hayasomi hata hayo. Mkono wake unajua kwamba kuchapisha ni pale, kuhifadhi ni pale. Tafsiri ingemfaa sana mtu anayeanza leo kutoka sifuri. Kwake yeye lugha ya kompyuta ni mahali, na mahali ndipo nilipopavuruga.

Kwa hivyo Jumamosi iliyofuata nilirudi, na mara hii sikugusa kitu. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki kuanzia saa mbili hadi saa sita, na daftari. Nikaandika mkono wake unaenda wapi. Kila flashi ikiingia, macho yanaenda katikati ya skrini kungoja kitu kitokee. Akitaka kuzima, mkono unaenda kona ya chini kushoto. Akimaliza kuandika barua ya mtu anahifadhi bila kuangalia aina ya faili, kisha mteja anarudi kesho kulalamika kwamba haifunguki kazini.

Na kulikuwa na shida ambayo hata sikuiwazia: CV zilizokuwa ukurasa mmoja zilikuwa zinamwagika hadi wa pili. Sababu ni maandishi. CV nyingi zimeandikwa kwa Calibri, ambayo haikuwepo kwenye Linux ile, kwa hivyo mashine iliweka herufi nyingine pana zaidi. Ipo Carlito, iliyotengenezwa makusudi iwe na upana sawasawa na Calibri, bure. Dakika mbili kuiweka. Lakini ungejuaje, kama hukuwa umekaa kwenye kile kiti?

Nikafanya mambo matano. Menyu kona ya chini kushoto. Flashi ikiingia, dirisha lake linafunguka lenyewe katikati. Faili zote zinahifadhiwa kwa aina ambayo Word inaisoma. Carlito na wenzake. Na kwenye skrini ikoni nne, kwa maneno yake mwenyewe aliyonitajia: Barua, Skani, KRA, Flashi za Watu. Barry Kauler angecheka.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kiko shwari. Mteja akifungua kurasa kumi na mbili za intaneti, mashine inahema, maana siku hizi mzito zaidi ni brauza, na hakuna eneokazi jepesi litakalobadilisha hilo. Skana ilinisumbua wiki nzima. Kompyuta ya tatu bado ina Windows 10, na shangazi amekataa isiguswe mpaka nipite mwezi mmoja bila kupigiwa simu.

Hiyo ni haki yake. Ukisoma historia hii yote, uzito hauishi, unahama tu. Ukitolewa kwenye mashine, kuna mtu anaupokea: ama aliyeitengeneza, ama anayeitumia, ama yule kijana wa familia. Kauler, Gott na Long waliupokea wao ili mgeni aingie mikono mitupu. Mimi Jumapili ile nilimtwika shangazi, nikaondoka nikipiga mluzi.

Wasee wengi mwaka huu watakuwa wanaokoa mashine za wazazi, za kanisa, za shule ya mtaani. Endeleeni, mashine hizo zina miaka mingine mitano ndani yake. Ila mkishamaliza kuweka, msiondoke. Vuteni kiti.

Imepita siku kumi na tisa sasa. Jana simu yake ililia na moyo ukanidunda. Alikuwa anauliza kama nitakuja kula chapati Jumapili.